Mafundi dizeli wa Mtwara na Lindi, kila gari "pampu imekufa"? Mnatumalizia hela!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika, mnivumilie. Na kama wewe ni fundi wa dizeli huku Kusini, soma kwanza mpaka mwisho ndipo uje kutukana.

Hivi kwa nini dizeli ya zamani ikiingia gereji na shida ya mafuta, neno la kwanza ni "pampu hiyo bosi, imekufa"? Boneti haijafunguliwa. Hujauliza inazima ikiwa baridi au ikiwa ya moto, tambarare au mlimani. Umesikia tu "inakosa nguvu", tayari uko kwenye simu na mtu wa Dar unaulizia pampu ya mtumba.

Gari yenyewe ni Toyota Hilux yenye injini inayoitwa 3L, ile ya lita 2.8 isiyo na tabo wala kompyuta. Hakuna cha mashine ya kusoma hitilafu hapo, ni mipira, filta, pampu ya kusukuma dizeli na nozeli za kuipulizia ndani ya injini basi. Dalili zilikuwa mbili. Ikilala usiku, asubuhi unapiga stata mpaka betri inaanza kulegea ndipo iwake, itetemeke kidogo, halafu itulie na mchana kutwa haina neno. Ya pili, ukipakia mzigo ukaanza kuupanda mlima wa Newala, inaishiwa pumzi katikati ya kona na kuzima. Ukiiegesha pembeni ikapumzika, inawaka na kuondoka.

Fundi alisikiliza nusu, akashusha pampu. Hakuweka alama ya taimingi, yaani ya wakati pampu inaporusha mafuta, kabla ya kuichomoa! Ikafungwa kwenye kiroba, ikapandishwa basi la Dar. Iliporudi, kile kibati cha namba kilichokuwa pembeni yake hakipo, yamebaki matundu mawili ya ribiti. Nikauliza, naambiwa "kilidondoka kwenye kuosha". Ile skrubu ya nyuma inayopima kiasi cha mafuta, ambayo hutoka kiwandani imefungwa lakiri, lakiri imekatwa na skrubu imezungushwa ndani. Hiyo ndiyo "nguvu" wanayokuuzia. Mafuta yanamwagika kuliko hewa inayoingia, gari inatoa moshi mweusi hadi abiria wa bodaboda wanaziba pua, injini inachemka na dizeli inaliwa. Kutwa inagonga kwa sababu pampu haikurudi ilipokuwa. Na asubuhi? Stata ileile, betri ileile. Laki saba na nusu hiyo, bila nauli ya mzigo.

Nilipolalamika wakahamia kwenye nozeli. Hapa ndipo nilipotaka kulia. Jamaa alitandika kiroba cha korosho chini, upepo wa pwani unapiga, mchanga unaruka, akafungua nozeli zote nne na kuzifuta kwa fulana. Jamani, sindano ya nozeli na nyumba yake vimesagwa kwa vipimo vya elfu za milimita! Punje moja ya mchanga inatosha kuikwamisha. Akazirudisha na washa (pete za kuziba) zilezile za zamani, zile za chini zinazobonyea mara moja tu na hazirudiwi. Mashine ya kupimia nozeli hana. Namuuliza umejuaje kama mbovu, anasema "nimezoea bosi".

Aliyekamata tatizo ni mzee mmoja wa Mikindani, dereva mstaafu wa malori. Wala hakutoza hela ya maana. Alikuja na dumu la lita tano lenye dizeli safi na kipande cha mpira wa levo, ule unaopitisha mwanga ambao mafundi ujenzi wanapimia msingi.

Kwanza aliniambia nisiguse swichi asubuhi. Akaibonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta. Ilikuwa laini kabisa, imejaa hewa. Akaendelea mpaka ikawa ngumu, akasema washa. Ikawaka hapo hapo! Maana yake dizeli ilikuwa inarudi tenkini usiku kucha. Sasa niambieni, mtu wa pampu alishindwa nini kufanya hivyo? Haihitaji hata spana.

Kisha akaning'iniza dumu juu ya usawa wa injini, akachomoa mpira unaotoka tenkini akauweka pembeni, akavuta mafuta moja kwa moja kutoka dumuni, na mpira wa kurudisha nao akauelekeza dumuni. Gari ikanguruma vizuri. Pampu ikawa haina kesi, ubaya uko kati ya tenki na filta. Akarudisha tenki, akaunga ule mpira wa levo kati ya filta na pampu. Mapovu yakaanza kupita, tena mengi.

Na hapa ndipo watu wengi tunapodanganywa, eti "mbona hakuna sehemu inayovuja". Hilux hii haina pampu tenkini. Pampu hiyo hiyo ya kwenye injini ndiyo inayonyonya njia nzima, kwa hiyo mpira ukipasuka upande huo hautoi mafuta nje, unaingiza hewa ndani, kama mrija wa dafu uliotoboka. Chini kukavu, gari inakufa. Mpira uliopasuka ulikuwa chini ya kleemu (kibanio cha mpira), pale bomba linalopita kwenye chesi, fremu ya gari, linapoungana na mpira wa kwenda kwenye filta. Ukiutazama hauoni kitu, ukiukunja mdomo unafunguka. Mpira mpya na kleemu mbili, elfu saba.

Kukosa nguvu mlimani kulikuwa na mchango wa tenki pia. Chujio la ndani lilikuwa limevaa utelezi mweusi, ule unaoota maji na dizeli vinapokutana. Kwenye tambarare mafuta kidogo yanatosha, mlimani na mzigo hayatoshi. Na waya wa sensa inayowasha taa maji yakijaa chini ya filta ulikuwa umekatwa na kufungwa selotepu, taa isimsumbue mtu. Nani aliukata sijui, lakini mafundi wote waliopita hapo waliuona na kunyamaza.

Kisingizio cha pili mnachokipenda ni "mafuta ya sheli". Ndiyo, uchakachuaji wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ulikuwepo hadi vinasaba, ile alama ya siri ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, vikaanza kuwekwa mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa 2011. Na ni kweli mafuta ya taa yanaua pampu hizi, kwa sababu zinalainishwa na dizeli yenyewe. Lakini kama unashuku mafuta, si uyapime? Fungua koki ya chini ya filta, kinga kwenye chupa ya maji isiyo na rangi, iache itulie. Maji yatakaa chini utayaona kwa macho.

Na moshi mnautazama lini? Ukipiga stata na silensa haitoi hata harufu, mafuta hayafiki. Sikiliza kama ile swichi ya umeme ya kufungua na kukata mafuta kwenye pampu inalia "tek" ukifungua ufunguo. Ikitoa moshi mweupe, mafuta yanafika ila hayaungui, nenda kwenye plagi za kuchemshia, taimingi na kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini). Nozeli unaisaka kwa kulegeza nati ya bomba lake moja moja injini ikinguruma. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki, hiyo ndiyo unayoitafuta. Mkono kaa nao mbali, mafuta yale yana zaidi ya bar 100, yanapenya ngozi.

Sasa madai yangu. Fundi uliyeshusha pampu, najua uko humu na unasoma. Nataka kibati changu cha namba, au nataka pampu yangu kama hii si yangu, kwa sababu picha ya namba ninayo. Skrubu irudi ilipokuwa na taimingi ipangwe mbele ya macho yangu kwa gharama yako. Nimekupa nafasi ya kuongea kistaarabu, ukazima simu. Hatua inayofuata ni kituo cha polisi na mjumbe wako.

Wengine, kama kuna mtu kati ya Lindi na Masasi mwenye mashine ya kupimia nozeli inayofanya kazi, aweke bei hapa hapa uzini. Wa "pampu hiyo bosi" asinifuate inboksi.