Mrejesho: viroboto na kupe wa paka wangu

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kuwaondolea paka wangu wawili viroboto na kupe. Niliiacha dawa ya mbwa yenye permethrini, ambayo kweli ni sumu kwa paka, nikawadondoshea matone ya fipronili (dawa ya kuua viroboto na kupe) ya paka kwenye ngozi ya kisogo, mahali wasipoweza kulamba. Kupe watatu niliwang'oa kwa kibano, nikiwashika karibu kabisa na ngozi.

Viroboto, hata hivyo, walirudi baada ya wiki mbili, kwa kuwa nilipuuza ushauri wa kufua zulia wanalolalia paka hao, ambamo mayai yalikuwa yamebaki. Nilipolifua kwa maji ya moto na kurudia matone mwezi uliofuata, chanuo halikutoa tena hata zile chembe nyeusi za kinyesi cha viroboto zinazogeuka nyekundu kwenye pamba yenye maji.