Maji ya mvua na chujio la utando: shabu, mchanga, kauri, au kuyaacha yajishukie?

BintiSabaki (Malindi)
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nasimamia maji kwenye shule moja ya bweni hapa Malindi. Mvua ikinyesha, maji ya paa na ya uwanja huingia pamoja kwenye tangi la chini ya ardhi. Tunayasukuma kwa pampu kupitia chujio la utando la nyuzi (vijibomba vyembamba ambavyo kuta zake ndizo utando), matundu mikroni 0.02 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha tunayatumia kufulia, vyooni na bustanini. Ya kunywa tunayo mengine. Uwanja ni udongo mwekundu, na karibu na lango huegeshwa bodaboda na tuktuk.

Masika iliyopita chujio lilianza vizuri. Kufika wiki ya tatu maji yakawa yanadondoka tone kwa tone. Tukaosha kwa kurudisha maji kinyume hata mara tatu kwa siku, wapi! Nyuzi mpya ni ghali na bajeti ya shule naijua. Nimefikiria njia nne: kutia shabu tangini, kujenga chujio la mchanga mbele, kuhamia utando wa kauri, au ule mfumo ambao maji hupita kwa uzito wake bila pampu. Aliyewahi kutumia mojawapo anisaidie.

FundiPampu (Malindi)
Waaleikum salaam dada. Una geji mbili, moja kabla ya chujio na moja baada yake? Kama huna, anza hapo. Andika tofauti ya msukumo siku nyuzi zikiwa safi. Ikipanda, osha mara moja, usingoje maji yakatike. Tope likikaa juu ya utando huku pampu inaendelea kusukuma, hugandamana, na kuosha kinyume hakulibandui tena. Kama ulikuwa unaosha mara tatu kwa siku, ulichelewa: mashine nyingi za aina hiyo hujiosha kila nusu saa au saa moja, kwa sekunde chache tu.

Sasa shabu. Tazama bahari yetu mto Sabaki ukijaa, inavyobaki na rangi ya udongo siku nyingi. Chembe ya mfinyanzi ya mikroni 2 huchukua karibu siku tatu kushuka mita moja kwenye maji yaliyotulia. Tangi lako halina siku tatu, mvua nyingine inaingia. Shabu huzishikanisha chembe zikawa mabonge, yakashuka kwa dakika. Yeyusha gramu 10 kwenye lita moja ya maji safi. Panga mitungi mitano ya lita moja ya maji machafu, tia mililita 1, 2, 3, 4 na 5: hapo una miligramu 10 hadi 50 kwa lita. Koroga kwa nguvu, kisha polepole, uache nusu saa. Chagua kipimo kidogo kabisa kinachosafisha.

MajiYaShela (Lamu)
Kaka Fundi, kwa kipimo nakubaliana nawe, ila shabu huacha tope lake chini ya tangi na lazima mtu alitoe. Shule ikikosa mtu wa kupima kila mvua, itatiwa kwa kukisia, na ikizidi inashika kwenye utando wenyewe.

Mimi nimekaa na chujio la mchanga miaka kadhaa hapa Lamu, kwenye bustani inayopokea maji ya mtaro. Mnajua mitaro yetu: samadi ya punda, maji ya kuoshea vyombo, kila kitu. Tatizo langu halikuwa udongo, ni utelezi. Samadi ni chakula cha vijidudu, vinaota juu ya utando na kufanya kamasi. Mchanga hupunguza sana chakula hicho kabla hakijafika kwenye nyuzi. Kazi yake ni kukwangua sentimita moja au mbili za juu maji yanapoanza kupita kwa shida.

Mchanga wenyewe uwe wa mto, uliooshwa na kuchekechwa. Wa pwani una chumvi na makombe. Na nawaomba, mtu asichukue wa vilima vya Shela. Vilima vile ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu ya mji wa Lamu.

MzeeWaBirika (Lamu)
Mwanangu Binti, mbona unayachanganya? Maji ya paa na maji ya uwanja si ndugu. Wazee wetu waliojenga majabia (matangi ya kuhifadhia maji ya mvua) visiwani huku walifagia sakafu ya kukusanyia kabla ya mvua, na maji ya mwanzo hawakuyaingiza. Kisha birikani wakatia visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Walijua uchafu unazuiwa mlangoni.

Tenganisha mabomba. Ya paa: mwaga milimita ya kwanza ya mvua. Paa la mita za mraba 100 ni lita 100 tu, pipa dogo linatosha, ila liwe na tundu chini lijimwage lenyewe kungoja mvua ya pili. Yanayofuata yana vumbi kidogo mno, nyuzi zako zitayaona kama sharubati. Ya uwanja yapite kwenye kisima cha kutulia, na ya langoni yapitie kisanduku cha kunasa mafuta. Mafuta ya injini yakishaganda kwenye nyuzi, kuyatoa ni taabu kubwa.

MwanaMaabara (Mombasa)
Naongeza hizo njia mbili zilizobaki. Kauri ni imara kweli: inavumilia dawa kali na hata kusuguliwa, na hukaa miaka mingi. Bei yake ndiyo kikwazo, na tope jekundu huiziba vilevile. Kwa shule sioni sababu.

Mfumo wa uzito wa maji umefanyiwa utafiti sana na taasisi ya Eawag ya Uswisi. Unaweka kimo cha maji cha sentimita 40 hadi 100 tu juu ya utando. Utelezi unaachwa uote, na badala ya kuziba kabisa, upitaji hutulia kwenye lita 4 hadi 10 kwa mita ya mraba kwa saa. Hakuna pampu, hakuna dawa. Lakini piga hesabu: kwa lita 5, mita moja ya mraba inatoa lita 120 kwa siku. Ukitaka lita 2,000 unahitaji karibu mita za mraba 17. Nyuzi za pampu hutoa mara kumi ya hapo kwa eneo lilelile.

Kwa nyuzi ulizonazo, kila uchafu una dawa yake. Utelezi unataka klorini: jiki ya asilimia 3.5, mililita 115 kwenye ndoo ya lita 20, inakupa kama miligramu 200 kwa lita. Chokaa, kutu na mabaki ya shabu yanataka asidi ya ndimu. Suuza sana katikati. Jiki na asidi HAZIKUTANI, hutoa gesi inayoua. Na mwenye mashine ya RO (ile ya kutoa chumvi kwenye maji) asiiguse kwa jiki, utando wake huharibika.

BintiSabaki (Malindi)
Nawashukuru nyote. Mzee wangu, shikamoo, nimelipokea. Swali moja: kaskazi yote tunakaa bila mvua. Mwaka huu tulifungua chujio, tukalimwaga maji likauke lisinuke. Nilikosea?

FundiPampu (Malindi)
Ndiyo dada, na pengine hapo ndipo nyuzi zilipoanza kuharibika. Utando ukikauka, matundu yake hujifunga na maji hayapiti tena vizuri. Safisha kwa jiki, suuza mpaka harufu iishe, ujaze myeyusho wa sodiamu metabaisalfaiti (dawa ya kuzuia vijidudu visiote) wa asilimia 1, ufunge kila valvu. Weka kivulini.

BintiSabaki (Malindi)
Nimejaribu mitungi leo kwa maji ya uwanja. Wa miligramu 30 umesafika, wa 50 umebaki na ukungu mweupe. Fundi wa bomba anakuja Jumamosi kutenganisha paa na uwanja. Nyuzi zilizopo zitachuja ya paa peke yake. Ya uwanja yatapita kisanduku cha mafuta, kisima cha kutulia na mchanga, yaende bustanini bila utando. Shabu nitaiweka akiba kwa mvua kubwa, na nitaipima mwenyewe. Geji mbili nimeshazinunua.

MzeeWaBirika (Lamu)
Marahaba mwanangu. Pipa la maji ya mwanzo usisahau kulitoboa chini.