Re: Kigari cha kahawa masokoni, nianzie wapi?

Ndugu zangu wa ughaibuni, habari zenu. Nimewatengenezea watu kahawa kwa kuajiriwa, sasa nataka kigari changu mwenyewe cha kwenda nacho masoko ya wikendi. Mashine nimeshaiona, ya mitumba, ya vichwa viwili, yaani inatoa kahawa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ninachoogopa ni wateja, maana lugha ya hapa naimudu lakini si kwa kasi. Wenye uzoefu nisaidieni.

---

Dada, hongera kwa kuthubutu. Kazi hii ndiyo ninayoifanya, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo.

Mashine usiilipie kabla hujajua umeme utatoka wapi. Ya vichwa viwili hula kama kilowati 3 hadi 4 inapochemsha, bado kinu cha kusagia na friji. Masoko mengi ya wazi hayana soketi, au ipo moja mnayogawana, na ukiizima kwa kuizidishia mzigo umewazimia na majirani. Jenereta ina kelele, waandaaji wengi hawaitaki. Wengi wetu tunatumia mashine inayochemsha kwa gesi, ili umeme ubaki wa pampu na kinu tu. Hapo betri nzuri na inveta vinatosha. Gesi ifungwe na fundi mwenye cheti, na usiiwashe ndani ya gari lililofungwa. Kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Maji: tangi la safi, tangi la machafu, na maji ya moto ya kunawa mikono peke yake. Mkaguzi wa afya ataanzia hapo. Kama maji ya huko ni magumu weka chujio, la sivyo chokaa itaimaliza boila. Usajili wa biashara ya chakula na bima ufuatilie mapema, majibu huchelewa.

Sasa wateja, maana hofu yako naiona iko hapo. Espreso inayotoka vizuri huchukua sekunde 25 hadi 30: unaweka gramu 18 za unga, unapata karibu gramu 36 za kahawa. Sekunde hizo mikono yako haina kazi. Wengi huinama wakafuta meza. Wewe inua uso, mtazame mtu, msalimie, muulize asubuhi yake imeendaje. Maneno ya sekunde 30 unayo tayari, dada, hata kwa lugha ya kujifunzia ukubwani. Kisha fungua mvuke wa kupashia maziwa na unyamaze, kwa sababu kelele itakumeza na maziwa yanataka umakini: jagi likianza kuunguza kiganja, yako nyuzi 60 hadi 65, funga. Yakipita 70 utamu wake umekwisha.

Kwenye foleni, anayeondoka mara nyingi ni yule wa nyuma ambaye hakuna aliyemtazama. Mpungie mkono tu, atangoja.

Jina la mtu likikuponyoka, kumbuka anachokunywa. Akifika wiki ijayo ukamwuliza "kama kawaida?", huyo ni wako. Ndiyo maana mwombe mwandaaji nafasi ileile kila wiki, hata kama ya pembeni ina nafuu ya kodi leo. Utaulizwa pia unatoka wapi, tena na tena. Wapo wenzetu wanaoudhika, na nawaelewa. Mimi hujibu, kisha namrudishia swali, na aghalabu ana hadithi ndefu kuliko yangu.

Lugha usiyoruhusiwa kukosea ni ya mzio. Jifunze majina ya maziwa yote unayouza, ya ng'ombe, ya soya, ya shayiri (oat), ya lozi, uyatamke bila kusita, na kila moja liwe na jagi lake. Mtu akisema hawezi kunywa kitu fulani, rudia alichosema mpaka akubali kwa kichwa.

Na wauzaji wenzako usiwasahau. Wanafika alfajiri kupanga bidhaa, hao ndio wateja wako wa kwanza na ndio watakaowaelekeza wengine kwako.

---

Kaka, asante sana, Mungu akubariki. Mashine naiacha kwanza. Nianze na masoko mangapi? Na nitajuaje kama soko lina watu wa kahawa?

---

Anza na moja mpaka wakuzoee. Kabla ya kulipia nafasi, nenda kama mnunuzi, usimame palepale utakapopewa tangu wanapofungua hadi wanapofunga. Hesabu wanaopita, na wangapi wameshika kikombe mkononi. Muulize mwandaaji ameruhusu wauza kahawa wangapi, na akupe jibu kwa maandishi. Ukiweza chagua siku ya mvua, uone nani anabaki.