Mashine ndogo ya kufulia mazulia: laki tatu niiweke kwenye pampu au mota?

Mfua_Makochi

Wakuu, habari za mchana. Nafua mazulia na makochi majumbani, zaidi huku Mbagala, Kijichi na Mtoni. Mashine yangu ni ya tenki mbili, inapanda kwenye bajaji bila shida. Ina mota moja ya kufyonza, pampu ya psi 100 (psi ni kipimo cha msukumo wa maji) na mpira wa inchi moja na nusu. Hita haina. Niliichukua mkononi kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara.

Uchafu unatoka vizuri, hapo sina ugomvi. Shida ni kukauka. Zulia la manyoya nikilifua asubuhi, kesho yake mwenye nyumba ananipigia simu kwamba bado bichi na limeanza kunuka. Na masika haya ndiyo kabisa. Nina laki tatu. Jamaa yangu anasema nifunge pampu ya psi 500, kazi itang'aa. Mwingine anasema niuze hii, niongezee, nichukue ya mota mbili, ila mwaka huu siwezi, ada za watoto zinanisubiri. Mngekuwa ninyi mngeanzia wapi?

Fundi wa Gerezani

Mkuu, pampu achana nayo. Kwa nozeli ileile (kitundu cha kunyunyizia maji), ukitoka psi 100 kwenda 500 maji yanayotoka yanazidi mara mbili. Hiyo mota yako moja itayarudisha vipi? Yatazama kwenye sponji ya chini na harufu itaongezeka. Wewe unalalamikia maji yanayobaki, kwa hiyo kila shilingi iende kwenye kufyonza. Nasema hivi kwa sababu naletewa mashine hizi kila wiki, na nyingi zimebadilishwa pampu wakati mota imechoka na mfuniko unavuja.

Kabla hujanunua chochote, nenda kwa fundi friji yeyote hapo mtaani, muombe ile geji yake ya bluu. Upande wa chini ya sifuri unapima vakyumu kwa inchi za zebaki. Chomeka kwenye mdomo wa tenki, pale unapoingia mpira, ziba pembeni kwa tepu, washa mota. Mota nzima ya feni mbili inavuta karibu inchi 100 za maji, yaani kwenye geji utaona inchi 7 na kidogo. Kisha hamishia geji mwisho wa mpira na upime tena. Ukiwa umeziba vizuri, hewa haitembei, kwa hiyo namba zinatakiwa zilingane. Ikisoma 7 kwenye tenki na 5 mwishoni, mpira wako unavuja. Angalia kwanza zile shingo za kuungia, ndizo zinazopasuka.

Ikiwa hata kwenye tenki ni ndogo, shika raba ya mfuniko. Ikishalala bapa haizibi tena, hata ukikaza kufuli vipi. Raba ni hela ndogo sana. Halafu safisha chujio la juu ya boya (kile kinachoelea na kuziba njia ya hewa tenki la maji machafu likijaa), huwa limevaa koti la nywele na manyoya. Mwisho fungua mota utazame kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Zikiwa zimebaki fupi, badilisha zote mbili kwa pamoja, na usisubiri zikwangue komyuta (pete ya shaba zinayoigusa), maana hapo utanunua mota nzima.

Bi Usafi Kisauni

Fundi amesema kweli, nami naongezea la sabuni. Watu wengi wanasugua mazulia yao kwa sabuni ya unga kabla ya kukuita. Wewe ukiingiza maji, povu linajaa tenki. Boya linainuliwa na maji, povu haliliinui, kwa hiyo linapita moja kwa moja hadi kwenye mota, na mota inakufa kwa kutu ya beringi. Tia dawa ya kukata povu kwenye tenki la maji machafu kila kazi. Ikikosekana, siki husaidia kidogo.

Pia ndugu yangu, punguza maji yako mwenyewe. Nyunyiza dawa kwanza kwa bomba la mkono, acha ifanye kazi kama dakika kumi, sugua kwa brashi, ndipo upitishe mashine. Ukibonyeza maji mpito mmoja, pitisha mipito mikavu miwili au mitatu, yaani kufyonza tu bila maji, polepole, mpaka kwenye kioo cha kichwa (kile cha kufyonzea mwisho wa mpira) uone matone yamekwisha. Mimi huondoka nimewaachia feni ya sakafuni ikipuliza juu ya zulia, nikairudie jioni.

Mfua_Makochi

Nashukuru sana. Nimepima leo: tenki 5 na nusu, mwisho wa mpira 4. Raba ya mfuniko imelala kweli, na kaboni moja imebaki kama kipande cha kiberiti. Nikishabadilisha hivyo, hela inayobaki ninunue mota ya feni tatu au hita? Na mpira niweke wa inchi mbili?

Fundi wa Gerezani

Raba, kaboni na shingo za mpira kwanza, kisha upime upya. Ikigonga 7, mota hiyo bado ni nzima, usiiguse.

Mpira usibadilishe wote. Kwa mota moja, inchi mbili mpaka mwisho inapunguza kasi ya hewa, na maji yatakuwa yanalala njiani. Ukitaka kufika ghorofani, weka inchi mbili kutoka kwenye mashine, na mita tatu za mwisho zibaki inchi moja na nusu. Hela nzuri ni kwenye kichwa: kifungie mdomo wa plastiki ngumu. Mafundi wa mashine za kukereza huku kwetu wanachonga ukiwapelekea kipimo. Kinateleza, hakiinuki, na hewa haipotei pembeni.

Hita ngoja. Mota ya wati 1200 na hita ya 1750 ni karibu wati 3000, yaani plagi ya ampea 13 imefika ukingoni, na ekstensheni nyingi za majumbani waya wake ni mwembamba. Mwenye nyumba naye ataiona LUKU yake (umeme wa kulipia kabla) inavyoshuka. Kwa sasa chemsha maji kwa mwenyeji uchanganye, ila usome kibandiko cha mashine, pampu nyingi hazitaki maji ya kuchemka. Zulia la sufu lifue kwa maji ya uvuguvugu tu.

Siku ukinunua mota, nenda nayo ya zamani mkononi. Nyingi ni za kipenyo cha milimita 145, lakini urefu na upande wa kutolea hewa vinatofautiana.