Baba ana kisukari, anaruka dawa na amejifungia ndani: ni sukari au ni sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa)?

MwanaMufindi
Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Naomba ushauri kuhusu baba yetu, miaka 61, yuko Mafinga. Ana kisukari aina ya pili, anatumia metformin na glibenclamide. Tangu mavuno yaishe hatoki ndani. Usiku macho, mchana kalala, sahani ya ugali anaigusa na kuisogeza. Dawa leo anameza, kesho hapana. Sukari ya asubuhi inasoma 14 hadi 17 (mmol/L), halafu kuna siku anatoka jasho na kutetemeka. Ndugu wanasema anadeka tu. Tuanzie wapi? Na dawa za sonona hazigongani na za sukari?

Muuguzi_Uyole
Pole sana ndugu. Anzeni na hayo majasho, maana hayo yanaweza kumuua kabla hamjafika kwenye sonona. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala, na kwa mzee, hasa figo zikiwa zimechoka, hukaa mwilini muda mrefu. Asiye na hamu ya kula akiimeza, sukari inaanguka.

Akitetemeka mpimeni kidole hapohapo. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe, subirini dakika 15, pimeni tena. Bado iko chini, rudieni. Ikipanda, ale viazi au uji. Kama kipimo hakipo, mpeni sukari hivyohivyo. Akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni: mlazeni ubavu, hospitali moja kwa moja. Hata akizinduka abaki chini ya uangalizi, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumwangusha tena baada ya saa kadhaa.

Siku asiyokula, ongeeni na kliniki kabla ya kumpa glibenclamide, na muulizeni daktari kama kuna dawa nyingine isiyoangusha sukari kirahisi. Kama anapitia ulanzi (pombe ya mianzi) bila kula, daktari aambiwe ukweli. Pombe huzuia ini kutoa sukari ya akiba, na anguko linaweza kuja usiku wa manane.

Nasaha_Iringa
Hao ndugu waambiwe kwamba mzee hadeki. Sonona huwapata wenye kisukari karibu mara mbili kuliko wasio nacho, na magonjwa haya mawili yanalishana: aliyekata tamaa anaruka dawa, sukari inapanda, mwili unachoka, anazidi kukata tamaa.

Ombeni afanyiwe dodoso la kupima sonona, linaitwa PHQ-9. Ni maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Akifikisha 10 anahitaji kuchunguzwa zaidi. Mtego wake ni huu: uchovu na usingizi mbovu vinaweza kuletwa na sukari yenyewe, maana sukari ya 15 humwamsha mtu kukojoa usiku kucha. Kwa hiyo sikilizeni zaidi majibu ya moyoni: hakuna kinachomfurahisha, anajiona mzigo, haoni mbele.

Swali la mwisho linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Lisirukwe. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Kwa heshima ya nyumbani, ni afadhali aulizwe na mdogo wake au mzee wa rika lake kuliko mtoto: "Kuna wakati unaona afadhali usingekuwepo?" Akikubali, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, apelekwe hospitali, na dawa zote pamoja na viuatilifu vya shamba vifungiwe. Kwenye nyumba za wakulima sumu ya shamba huwa uvunguni mwa kitanda, na watu husahau.

Mfamasia_Mwanjelwa
Kabla ya kuandikiwa dawa, apimwe wingi wa damu (Hb), figo, vitamini B12 na tezi ya shingo. Metformin ya miaka mingi hushusha B12, na upungufu wake huleta uchovu, ganzi na huzuni. Tezi ikilegea mtu huwa mzito na kusikia baridi kila saa. Huku Nyanda za Juu Kusini rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, ni tatizo la tangu zamani.

Kuhusu dawa kugongana: fluoxetine, moja ya dawa za sonona, inaweza kushusha sukari, hivyo akiwa pia kwenye glibenclamide apimwe kidole mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Nafuu huanza kuonekana wiki ya 2 hadi ya 4, na wengi hukosea hapo: wanaacha siku ya kumi wakisema haifanyi kazi. Akipata nafuu ataendelea angalau miezi 6, na ataiacha kwa kupunguziwa na daktari.

MwanaMufindi
Asanteni sana. Kuna amitriptyline ndani aliyoandikiwa zamani kwa ganzi ya miguu. Aanze nayo wakati tunasubiri?

Mfamasia_Mwanjelwa
Hapana. Dozi ya ganzi ni ndogo, mara nyingi miligramu 10 hadi 25 usiku, haitoshi kutibu sonona. Ikiongezwa huleta njaa, unene, kufunga mkojo kwa wanaume wazee na matatizo ya mapigo ya moyo, na akimeza nyingi kwa pamoja inaua. Itoeni chumbani kwake leo.

Muuguzi_Uyole
Siku ya kliniki bebeni pakiti zote za dawa na daftari lenye vipimo vya sukari, saa, na kama alikuwa amekula. Foleni ni ndefu na daktari anaweza kuishia kwenye sukari tu, kwa hiyo sentensi yenu ya kwanza iwe: "Hali chakula, halali usiku, na hataki dawa."