Mawakili mnaotuuzia katiba za kunakili, mnatuumiza sana

Wakuu, hasira hizi ninazo tangu Jumanne.

Sisi ni kina mama 14 wa Tanga. Tunatengeneza sabuni ya maji, faida inalipia nauli na vifaa vya shule vya watoto wenye ulemavu. Mwaka juzi tulitaka kusajili kikundi, tukamlipa wakili laki nane atuandikie katiba ya kikundi. Laki nane ya sabuni, dumu moja moja!

Hakutuuliza hata swali moja kuhusu sabuni. Angeuliza tu hela zinatoka wapi, angejua tunauza, na hapo ndipo penye kazi ya wakili. Nchini kwetu hakuna sheria ya pekee ya biashara za kijamii. Kuna kampuni kule BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuna bodi za wadhamini kule RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini, kuna NGO kwa Msajili wa NGO chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, na kila mlango una masharti yake. Yeye alitusukumia mlango wa NGO akasema, "Mama zangu tulieni, NGO hailipi kodi."

Uongo! Jumanne tulikuwa TRA, mamlaka ya mapato. Afisa alitueleza taratibu, bila kutudharau, kwamba cheti cha Msajili si msamaha wa kodi. Ili utambuliwe kuwa taasisi ya hisani chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, unamwandikia Kamishna na anakupa uamuzi wake kwa maandishi. Hata ukiupata, PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi, iko palepale. Tuna vijana wawili, kila mmoja mshahara wake 350,000 kwa mwezi, na kodi yao ilitakiwa ifike TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Pango nalo lina kodi ya zuio ya asilimia 10, unaikata kabla ya kumlipa mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Miezi 18 hatujakata hata senti, sasa tunadaiwa pamoja na riba na adhabu. Mimi ndiye mweka hazina. Mwenyekiti alikaa kwenye benchi la nje pale, ameshika faili kifuani, hasemi kitu.

Tuliporudi nikaifungua katiba, naona aibu kwamba sikuisoma mapema. Ukurasa wa 6, kwenye malengo: "kuinua kipato cha wafugaji wa wilaya ya Longido." Longido iko Arusha! Kachukua katiba ya watu wengine, kabadilisha jina juu, kagonga muhuri. Watoto wenye ulemavu hawamo popote, na TRA watasoma malengo hayohayo tukiomba kutambuliwa.

Nimempigia mara tisa, hapokei.

Nawaomba wanaojua: aliyewahi kupeleka wakili kwenye kamati ya maadili anieleze alianzia wapi na alihitaji vielelezo gani. Risiti ninayo, na meseji zake zote. Pia tunahitaji wakili wa kuturekebishia katiba, tuiitishie mkutano wa wanachama kisha tuipeleke kwa Msajili. Awe tayari kuja kiwandani kwanza, aone madumu, ndipo aandike.