Sakata la bandari ya Dar: tupeane uzoefu, ulikuwa wapi 2023?

Kijiwe cha Kurasini: Usiku huu nimesikia honi ya meli nikakumbuka 10 Juni 2023, Bunge lilipoupitisha ule mkataba na Dubai wa kuendesha bandari. Tulikuwa kijiweni, redio moja. Zile "ndiyo" zilipovuma, mzee mmoja alivua kofia akaishika tu mapajani. Nyie mlikuwa wapi?

Binti wa Mpakuzi: Yangu ilianza zamani. Kitengo cha makontena kilipokodishwa mwaka 2000, baba aliambiwa hakuna atakayepoteza kazi. Akaja siku moja na bahasha ya kaki. Mama anachambua mchele. Baba akaiweka mle mle kwenye ungo, akatoka nje. Mama hakuigusa. Aliendelea kuchambua akiizunguka ile bahasha mpaka mchele ukaisha. Mwaka uliofuata nikawa nauza maandazi kwenye geti alilokuwa akiingilia baba. Sasa 2023 nasoma ibara ya 23, kwamba hata mkataba ukikiukwa vibaya huruhusiwi kujitoa! Nililia.

Kuli Mstaafu: Barua yangu ninayo hadi leo.

Wakala wa Forodha: Poleni sana, ila semeni yote. Mimi natoa mizigo ya Lubumbashi, Kongo. Meli zilikaa nje siku nyingi zikingoja gati, wateja wakahamia bandari ya Beira, Msumbiji.

Kuli Mstaafu: Tuliomba kreni, tukaletewa mkataba.

Msomaji: Na kwa nini bandari za Zanzibar hazikuwemo?

Mpemba wa Ilala: Usianze. Mimi niliandika huo mkataba?

Msomaji: Nimeuliza tu, ndugu yangu.

Mama Parokia: Kwetu tamko la maaskofu Katoliki la 18 Agosti, la kuupinga mkataba, lilivunja nyumba. Shemeji yangu Mwislamu alisema ni vita ya dini, mimi nikasema ni mali ya umma. Hatukusalimiana hadi Krismasi. Alikuja na sinia la pilau, hakusema kitu, nikampisha aingie.

Mpemba wa Ilala: Hiyo imenigusa kuliko mkataba.

Wakala wa Forodha: Mlioko kazini, tunzeni hati za mishahara na michango ya NSSF.

Kuli Mstaafu: Hati bila chama cha wafanyakazi ni karatasi.

Binti wa Mpakuzi: Chama kilikuwepo 2000, shikamoo mzee wangu.

Kijiwe cha Kurasini: Ile ya 22 Oktoba 2023 tulitangaziwa DP World, kampuni ya Dubai, itaendesha gati 4 hadi 7, miaka 30, utendaji kupimwa kila miaka 5. Hayo matokeo ya kipimo tudai yabandikwe getini.